Peugeot ya Baba na Sufuria ya Pilau

Nyumbani kwetu hatujawahi kugombania shamba wala nyumba. Tuligombania gari. Tangu Baba alipotutoka, Peugeot 504 yake ya safu tatu za viti ilikuwa imelala uani kwetu Tudor, Mombasa, chini ya mwarobaini. Tairi zilikuwa zimekaa chini, bodi inaliwa na chumvi ya bahari, na kuku wa Mama walikuwa wakitaga chini ya kiti cha nyuma. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita wakalipigia hesabu ya kilo. Mjomba alishauri liuzwe, pesa zikatengeneze paa linalovuja. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na mipango yake: lishushwe liikaribie ardhi, litiwe injini ya Toyota, mkono wa gia utoke kwenye usukani ushuke sakafuni, kiti cha nyuma king'olewe maspika yapate pa kukaa, na rangi iwe nyeusi.

Mama alisema maneno mawili tu: "Gari halitoki." Hakusema litengenezwe, wala hakusema lisitengenezwe.

Mimi nilitaka litembee, tena litembee likiwa lile lile alilotuachia Baba. Nilitamka hivyo kikaoni, mbele ya wote, na Mama akaukata mjadala hapo hapo. Mwenye kutaka libaki na mwenye kutaka ligeuzwe watashika spana pamoja, akasema, na wakishindwana asije mtu kumlilia yeye.

Gari lenyewe si la kudharau. Peugeot iliitoa 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini kilichowafanya watu wa huku waliheshimu gari hili ni Safari Rally. Kaka yake mkubwa, 404, alikwisha kushinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Baba aliitaja miaka hiyo kama watu wanavyotaja miaka ya kuzaliwa watoto wao, na kila Pasaka redio ilikuwa yake peke yake. Gari lililoweza kupita matope na vumbi lile kwa kasi ile, alikuwa akisema, halitashindwa na njia ya shamba la bibi yenu.

Halafu 504 zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa, na hilo Baba alilionea fahari. Ile ndefu, ya safu tatu, ilipelekwa bara kubeba abiria kati ya mji na mji, nyingine zikachukuliwa na hospitali, shule na familia kubwa kama yetu. Ina urefu wa mita 4.80, na viti vyote vinatazama mbele. Chini yake nyuma kuna springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana hailegei matako hata ukiijaza nazi hadi dirishani. Sisi watoto tulikaa safu ya tatu. Daraja la Kilifi lilipokuwa halijafunguliwa, kabla ya 1991, tulifika kwenye feri tukasubiri zamu, na Baba akitufungulia mlango wa nyuma tuote upepo huku Mama akigawa mahamri.

Kwa hiyo sikuwa napigania mabati.

Fundi tuliyemwita ni mzee aliyekulia kwenye Peugeot, mtu asiyependa kuulizwa swali anapokuwa na kazi mkononi. Alifungua boneti, akachovya kidole kwenye mdomo wa rejeta, akakionja, akatema. "Maji ya kisima," akasema. "Mumemwua kwa chumvi."

Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mwenye gari la zamani pwani angepaswa kulijua. Bloki ya injini hii ni ya chuma, lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na aluminiamu na chumvi havikai nyumba moja. Njia za maji ndani ya hedi zilikuwa zimeliwa mpaka kingo zake zikawa laini, zenye mashimo mashimo. Mombasa maji ya mfereji hukatika siku nyingi, watu hununua mitungi kwa wauza maji wenye mikokoteni, na nani atamimina maji ya kununua kwenye rejeta wakati kisima kiko hapo uani? Ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Lakini chumvi haikuwa peke yake. Feni ya Peugeot hii haizunguki muda wote. Imeshikanishwa na puli yake kwa sumaku ya umeme: maji yakipata moto wa kutosha, swichi kwenye rejeta hupitisha umeme, sumaku inavuta, feni inaanza kuzunguka. Umeme huo hufika kwenye sumaku kupitia kipande cha kaboni kinachosugua puli, kidogo kuliko ncha ya kidole changu cha mwisho. Fundi alikichomoa akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimelika chote, kimebaki waya tu. Safari ya mwisho ya Baba, gari lilichemka likipanda Mazeras, likaburutwa hadi nyumbani, na halikuwashwa tena. Sote tuliamini injini imekufa kwa uzee. Kumbe feni haikuwa ikizunguka, kwa sababu ya kaboni ya bei ya chai na mandazi. Nilikitazama kile kipande kwa muda. Baba alikuwa amelisikitikia gari lile mpaka mwisho wake.

Mdogo wangu alifurahi kwa njia yake. Injini ikiwa imechoka, akasema, ndiyo sababu ya kutia ya Toyota. Nilimwambia injini haijachoka, imenyimwa maji mazuri. Tena kubadilisha injini si kuifunga na kuondoka. Kitabu cha gari nacho lazima kibadilishwe, gari likaguliwe, karatasi zizungushwe maofisini. Alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba kabureta ataisafisha yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo ilipoingia sufuria.

Mama alikuwa na sufuria moja ya shughuli, ile kubwa ya kupikia pilau ya Idi, inayoazimwa mtaa mzima na kurudishwa imesuguliwa. Ilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Mdogo wangu alisikia mahali kwamba uchafu wa kabureta huyeyuka kwa magadi, akachukua sufuria ile, akaijaza maji, na si maji ya kisima safari hii, kwa kuwa alishausikia mhadhara wa fundi. Alitumia mitungi ambayo Mama aliinunua kwa ajili ya kupikia futari. Akatia magadi ya kutosha, akatia kabureta na vipande vyake vyote, akakoleza mkaa.

Magadi hula aluminiamu. Mwanafunzi wa kemia anajua, na mpishi aliyewahi kusahau magadi kwenye sufuria anajua pia. Nilipofika uani povu lilikuwa linachemka kama la omo, na ndani ya sufuria kumekuwa kweusi kuanzia ukingo hadi chini. Tuliiwahi kabureta, ilitoka imefifia, ina rangi ya majivu, lakini njia zake za petroli zilikuwa zimesalimika. Sufuria haikusalimika.

Mama alirudi kutoka darasani akakuta sufuria imeinamishwa ukutani. Aliipindua, akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole. "Kazi ya gari mwaifanyia jikoni kwangu?" aliuliza. Mdogo wangu akaanza kueleza habari za jeti za kabureta. "Sikuuliza habari ya gari," Mama akasema. "Nimeuliza Idi watu watakula nini, na kitapikwa kwa maji gani."

Idi ile pilau yetu ilipikwa kwenye sufuria ya kuazima, sisi ambao ndio huazimwa, na naomba nieleweke: kwa mwanamke wa mtaa wetu hilo si dogo. Amri ikatoka kwamba hakuna nati itakayoguswa mpaka sufuria mpya ifike. Tukaenda Mwembe Tayari, mdogo wangu akatoa akiba yake ya maspika, akanunua iliyo nzito kuliko ya mwanzo. Mama aliigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, kisha akasema tunaweza kuendelea.

Balaa lililofuata lililetwa na mapenzi mema. Hedi ilikuwa imepelekwa kusawazishwa uso kwa mashine, kwa maana ilikuwa imepinda kwa moto, na bloki imebaki wazi, imefunikwa leso. Sasa, injini hii ina slivu zinazochomoka. Kila pistoni inatembea ndani ya bomba lake la chuma, na bomba hilo limezungukwa na maji moja kwa moja. Chini yake kuna gasketi nyembamba inayozuia maji yasiteremke kwenye oili. Hedi ikiwa imefungwa, ndiyo inayozikandamiza slivu zikae. Hedi ikitoka, lazima uzibane slivu kwa bolti na washa pana, na hata ukishazibana usizungushe injini bila sababu. Fundi alikuwa amezibana mbili, akaenda kutafuta washa za nyingine.

Mjomba akaja kutuamkia. Alikuta uani hakuna mtu, akafunua leso, akaona pistoni zinang'aa. Yeye ambaye alikuwa akitaka gari liuzwe, siku hiyo moyo ulimgeuka. Alitaka kujua kama injini ya shemeji yake ingali hai. Akachukua spana, akaitia kwenye nati ya mbele ya krenki, akazungusha. Injini ilizunguka laini. Alifurahi mno, akatuita kwa sauti tuje tuone, na tulipofika alikuwa anaizungusha bado, pistoni zinapanda na kushuka, na slivu zile mbili zisizobanwa zinapanda nazo.

Fundi aliporudi hakumlaumu. Alipitisha rula ya chuma juu ya bloki, akaiinamia, akatuonyesha mwanga unaopita mahali usipotakiwa kupita. Tungeifunga hivyo, injini ingewaka, tungeshangilia, na baada ya safari fupi oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilibidi kila kitu kitoke: pistoni, slivu, gasketi za chini. Tukazichukua mpya Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambako spea za Peugeot bado hupatikana ukiwa na subira na ukienda na kile cha zamani mkononi. Mjomba alizilipia yeye. Hatukumwomba. Na tangu siku ile hakukosa jioni hata moja kuja na birika la kahawa, akikaa kwenye kiti cha dereva kilichong'olewa na kuwekwa chini ya mwarobaini, akihakikisha hakuna mtu anayegusa nati ya krenki.

Bodi ilitutesa kuliko injini, ingawa haina mengi ya kusimuliwa. Kutu ya pwani hujificha. Ukigonga kwa nyundo ndogo panapoonekana pazima, panaingia. Mbele, mahali shokapu zinaposhikilia bodi, palikuwa pameoza. Fundi bodi wa kwanza alitaka kupaka pati na kufunika. Tulimshukuru, tukamtafuta mwingine anayekata na kuchomelea bati jipya, kwa sababu pale ndipo uzito wote wa mbele unapolala, na pati haibebi gari. Hili sitalilegezea kamwe. Anayefunika kutu kwa pati na kupaka rangi juu yake anamuuzia mtu ajali.

Siku ya kupiga praima ilikuwa Alhamisi. Asubuhi palitulia kabisa, jani la mwarobaini halitikisiki. Fundi rangi akaanza kupuliza, praima nyekundu, nzuri, imekamata sawasawa. Saa nane kusi ikaamka. Ilipita uani kwetu, ikachukua vumbi lote jekundu, ikaruka nalo ukuta. Upande wa pili jirani yetu, mzee anayeheshimika msikitini, alikuwa na kanzu zake za Ijumaa kwenye kamba. Tuliposikia mlango wake unafunguliwa tulijua. Kanzu tatu nyeupe pepepe zilikuwa na madoadoa mekundu kuanzia kwenye kola hadi kwenye pindo.

Mama hakutuacha twende. Alituma kanzu mpya zinunuliwe jioni ile ile, akatia halua kwenye sinia, akajitanda, akaenda mwenyewe. Alikaa huko mpaka baada ya Isha. Aliporudi alikuwa amefuatana na yule mzee, naye hakuja kulalamika. Alilizunguka gari, lililokuwa jekundu lote wakati ule, akaweka mkono juu ya paa.

"Mwanangu wa kwanza alikaribia kuzaliwa humu," akatuambia. "Usiku wa manane, mvua, hakuna teksi. Marehemu alinifungulia mlango bila hata kuvaa shati. Mke wangu alilala kiti cha kati, mkunga na mama mkwe wangu wakakaa kile cha nyuma, wanamshika kichwa na miguu. Mimi mbele na marehemu. Mwaka huo nani mwingine mtaani alikuwa na gari la kututia sote?"

Mama alikuwa hajawahi kutusimulia. Aliuliza, kwa upole, kama mzee angependa kukaa. Hapakuwa na viti ndani. Akachungulia mpaka safu ya nyuma, akauliza: "Na kile cha nyuma mtakirudisha?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu. "Kitarudi, mzee," akasema. Sikuwa nimemshawishi mimi. Miezi yote ya kubishana kwangu haikufanya kilichofanywa na swali lile moja.

Tangu hapo tulizungumza kama watu wanaotaka kitu kimoja. Kiti cha tatu kikarudi na ngozi mpya, ila rangi ya zamani ya kahawia. Springi nne za nyuma hazikukatwa. Aliyetaka lishushwe ndiye aliyepiga msasa na kuzipaka rangi moja moja. Mkono wa gia umebaki kwenye usukani. Rangi ni ile nyeupe ya maziwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na inayoonekana kwenye picha zetu zote. Maspika yapo, lakini yamefichwa ndani ya milango na chini ya kiti, na nakiri yanapiga vizuri. Taarabu ya Mama inasikika kila ala.

Mengine tuliyabadilisha, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu kulipenda gari la zamani hakumaanishi kukubali likuue. Pointi na kondensa za kuwashia plagi tumezitoa tukatia kifaa cha elektroniki, na sasa linawaka asubuhi bila kubembelezwa. Bomba za breki zote ni mpya, kuanzia diski za mbele hadi ngoma za nyuma. Tumeongeza geji ya joto ya namba, mahali dereva anapoiona bila kuinama. Feni ya sumaku tumeiacha na kaboni mpya, na kaboni ya akiba iko ndani ya dashibodi, imefungwa kwenye kikaratasi. Rejeta haiguswi tena na maji ya kisima: hutiwa maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na dumu lake Mama amelipa mahali pake stoo, mbali na mitungi ya jikoni.

Na mikanda. Enzi zetu tulikaa safu ya tatu bila kufungwa na chochote, tukirukaruka kila shimo. Sasa kila kiti kina mkanda. Hatukutoboa bati na kupachika bolti, kwa maana bati hilo lingechanika siku ya haja. Welda aliweka sahani za chuma kwa ndani, akazichomelea pande zote, ndipo bolti zikapita. Wajukuu wa Baba watakaa pale. Kwa hilo peke yake ningekubali kurudia kazi yote.

Tulilitoa kwa mara ya kwanza kwenda Kilifi, kwa bibi. Mama alikaa mbele, mjomba na jirani kiti cha kati, watoto nyuma wamefungwa mikanda wanalalamika. Mdogo wangu aliendesha. Daraja la Nyali, Mtwapa, mashamba ya katani ya Vipingo, na mimi macho hayatoki kwenye geji. Joto lilipanda, likapanda, kisha chini ya boneti pakasikika mlio mdogo, ta, sumaku imeshika, na sindano ikaanza kurudi. Mjomba alipiga makofi. Darajani Kilifi watoto walitaka kujua feri ilikuwa ikifungwa wapi, na Mama akawaonyesha kwa kidole, akaeleza habari ya mahamri, akaeleza na habari ya usiku wa mvua ambayo ametuficha miaka yote.

Sasa linaazimwa kama sufuria. Limekwisha kubeba bibi harusi wa mtaa wa pili, na foleni ya wanaolitaka inaandikwa na Mama. Mlango wa nyuma wa kushoto bado unavujisha mvua, na raba yake tunaitafuta.

Linalotugawa kwa sasa ni kiyoyozi. Shangazi amesema hapandi tena bila kiyoyozi, joto la Mombasa si la kuchezea. Mimi sitaki. Injini hii ina cc 1971 na kabureta moja, na kompresa itaiongezea mzigo na kuitilia rejeta joto ambalo tumehangaika kuliondoa. Madirisha yake ni mapana, yakifunguliwa manne upepo unatosha. Mdogo wangu anasema tukitia rejeta yenye safu tatu za mirija na feni ya pili ya umeme, itawezekana bila kuumiza kitu, na ameshapima nafasi ya kompresa. Mjomba yuko upande wake. Mama amesema atatoa uamuzi baada ya Idi.